Hewa Niliyomwibia Baba

Jumapili jioni, Aprili. Migori.

Mvua imenyesha tangu mchana na sasa imebaki rasharasha, ile inayokufanya ushindwe kuamua kama utoke na mwavuli au la. Mgongo unauma kwa kuendesha gari kwenye matope. Moyo nao, sijui niseme vipi, ni mzito na mwepesi kwa wakati mmoja. Nimejitengenezea chai, nikakaa nayo mpaka ikapoa, na sasa naandika kabla sijaanza kuipamba hadithi nionekane mwema.

Wiki hii nilimwibia baba yangu hewa.

Si hewa ya kupumua. Ni hewa ya kwenye gemu. Nimejaribu kujificha nyuma ya neno hilo "gemu" tangu Ijumaa, na limekataa kunificha.

Nianze na kompyuta yenyewe, maana wengi mnaosoma hapa hamkuwahi kuiona mashine ya aina ile. Nilipokuwa shule ya msingi tuliishi Homa Bay mjini, vyumba viwili nyuma ya kibanda cha Baba cha kutengeneza redio. Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyefundisha hesabu katika sekondari ya karibu, na mkataba wake ulipoisha akawagawia watu vitu vyake. Wengine walipata godoro, wengine sufuria. Baba akarudi nyumbani na kompyuta. Mama alimwangalia kwa muda mrefu, kwa sababu godoro ndilo tulilokuwa tunahitaji.

Ilikuwa kibodi nene tu ya rangi ya majivu. Unaichomeka kwenye televisheni, na gemu zenyewe zinasomwa kutoka kwenye kaseti za kawaida, zilezile za muziki. Unaweka kaseti, redio inapiga mayowe kama kuku anayefukuzwa jikoni, unasubiri, unasubiri, na ukiigonga meza kidogo tu mashine inakataa na unaanza upya. Watoto wa siku hizi wakingoja video ifunguke wanaguna. Sisi tulingoja huku tumeshika pumzi.

Na nyuma ya kibodi palichomekwa katriji. Kisanduku cheusi, kitufe chekundu juu yake. Ukibonyeza kitufe, gemu inaganda papo hapo, kimtu chako kikiwa angani katikati ya kuruka. Hapo unaingia ndani ya kumbukumbu ya mashine na kubadilisha namba. Mahali palipoandikwa maisha matatu unaandika maisha mengi. Ukiachilia, gemu inaendelea kama vile hakuna kilichotokea, ila sasa hufi ovyo. Namba zingine Mzungu alituonyesha, zingine tulizipata kwa kubahatisha, na mara nyingi tulikosea tukaharibu kila kitu, skrini ikajaa takataka za rangi.

Omondi, ndugu yangu mdogo, alikiita kisanduku hicho Daktari. Mwanzoni alikuwa amekiita Mganga, lakini Baba alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli, na akasema mganga hatakaa sebuleni kwake.

Gemu tuliyoipenda ilikuwa ya mchimbaji wa dhahabu. Kimtu chenye taa kichwani, kinaruka ndani ya pango kukusanya mawe ya manjano, na chini ya skrini kuna mstari wa hewa unaopungua. Mstari ukiisha kabla hujafika mlangoni, umekufa. Ni hivyo tu. Leo ukimwonyesha mtoto atakuuliza mengine yako wapi. Sisi ilitutosha kwa miaka.

Daktari alikuwa na kazi nyingine ambayo naamini hakuna mtu mwingine duniani aliyemtumia kuifanya. Alitusaidia kuitunza Sabato. Sheria ya Baba ilikuwa kwamba jua likizama Ijumaa, kila kitu kimezimwa, hata kama umebakisha jiwe moja. Mwanzoni tulilia machozi ya kweli. Halafu tukagundua kwamba gemu ikishaganda unaweza kuirekodi kwenye kaseti ilivyo, ukazima mashine, na Jumamosi jua likizama ukaifungua palepale ulipoiachia. Baba alilifikiria jambo hilo, akalipitisha. Alisema mchimbaji naye ana haki ya kupumzika siku ya saba.

Sasa Ijumaa moja Omondi alichelewa. Jua linaingia, Baba anakohoa kile kikohozi cha onyo, na Omondi akanyakua kaseti yoyote iliyokuwa karibu, akairekodi gemu humo. Ilikuwa kaseti ya kwaya ya akina mama. Wiki ile ilikuwa ya makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa chini ya mahema, na Baba ndiye aliyeshughulikia vipaza sauti. Kesho yake mchungaji akasema tusikilize wimbo mmoja wa kwaya kabla ya neno. Baba akaweka kaseti. Vipaza sauti vikapiga mayowe mpaka mama mmoja akaanza kukemea pepo kwa jina la Yesu, na watoto wa safu ya mbele wakakimbia. Baba peke yake alijua ni sauti ya nini. Alizima, akafuta jasho, akatazama chini, na mimi niliyekuwa karibu naye niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Nampenda sana yule mtu. Niliseme hilo hapa, kabla sijafika kwenye lile nililomtendea.

Baba mwenyewe alicheza Jumapili alasiri tu, na hakuwahi kumgusa Daktari. Tulimshawishi, tukamwambia atafika mapango ya mbele yenye rangi nzuri. Alikataa. Alisema akishinda anataka kujua ni nani aliyeshinda.

Mwezi wa pili mwaka huu Baba alipata kiharusi. Alikuwa peke yake mchana, nyumbani kwetu Lambwe, akiwawekea ng'ombe maji. Mama alishafariki zamani. Omondi anafanya kazi Osiri kwenye machimbo ya dhahabu, anatengeneza mashine za kupuliza hewa kwa watu walioko chini, na hurudi nyumbani mwisho wa juma tu. Mke wake ni mwalimu, hutoka asubuhi na kurudi jioni. Baba alianguka, akakaa pale chini, na ng'ombe, mpaka jirani alipopita.

Nikamleta huku Migori, karibu na hospitali na karibu yangu. Nikamkodishia chumba kwenye ploti inayofuata, kwa sababu kwetu mzazi halali usiku katika nyumba ya binti yake aliyeolewa, na kiharusi hakikumfanya Baba asahau hilo. Mguu ulirudi mapema. Mkono wa kulia ulibaki umelegea. Msichana wa mazoezi ya viungo pale hospitalini alimpa mpira wa kuminya, na Baba akauminya siku ya kwanza, siku ya pili akauweka dirishani akasema yeye si mtoto.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile gemu.

Nina saiba, duka dogo la intaneti na kopi, hapa mjini, kwa hiyo laptopu haikunisumbua kupata. Siku hizi kuna programu zinazoiga kompyuta za zamani, watu wanaziita emuleta, na nikaipata mashine yetu ileile, na pango letu lilelile, limehifadhiwa na watu nisiowajua ambao nawaombea heri. Nilipomfungulia Baba, na rangi zile zikatokea, alisema "Eee!" kama mtu aliyekutana na mtu aliyesoma naye zamani sokoni. Halafu akauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka kwenye kibodi.

Alikufa mara nyingi sana. Kidole hakikufika kwa wakati, kimtu kinatumbukia. Lakini alirudia asubuhi, akarudia jioni, na mimi nikawa naleta uji namkuta ameinamia mashine huku ulimi umetoka kidogo pembeni.

Kisha akanipa masharti. "Nyara," akaniambia, binti yangu, kwa ile sauti yake ya kutoa uamuzi wa baraza la kanisa, "siku hii mkono itamaliza pango ya kwanza, unanirudisha dala. Sawa?"

Nikasema sawa, nitamrudisha nyumbani. Nilisema haraka, kwa sababu niliona ni jambo la mwakani.

Wiki iliyopita alifika hatua chache kutoka mlangoni. Aliniita kwa furaha, akinionyesha mahali kimtu kilipofia. Nikampongeza, nikarudi saiba. Kichwani nilimwona chini na ndoo ya ng'ombe. Nilimwona akikaa pale mchana mzima, Omondi yuko Osiri, mke wa Omondi yuko darasani, na mimi niko hapa nikiwatolea watu kopi.

Emuleta hiyo ina Daktari wake ndani. Huchomeki kitu, ni dirisha dogo tu unafungua, unaandika namba. Baba akiwa amelala mchana, nilifungua. Nikaitafuta namba ya hewa. Tulipokuwa watoto tuliigandisha hewa isipungue kabisa. Mimi nikafanya kinyume. Nikaifanya ipungue haraka. Si sana, asije akagundua. Kiasi cha yeye kufika karibu na mlango na mstari uishe hapo.

Nilijiambia ni kwa muda tu. Nilijiambia nampenda. Yote mawili yalikuwa kweli, na bado ulikuwa uovu.

Siku zilizofuata alicheza zaidi ya kawaida. Alijisukuma. Nilimwona akibonyeza kwa haraka, akikosea, akirudia, na kila mara hewa inamwishia akiwa anauona mlango. Jumatano alikuwa na hasira. Alhamisi aliifunga laptopu mapema.

Ijumaa nilimpelekea uji wa jioni. Mlango ulikuwa wazi kidogo na yeye alikuwa kwenye simu na Omondi, wanaongea Kijaluo. Laptopu ilikuwa imefungwa. Nikasikia anamwambia mkono unarudi nyuma, kwamba ulikuwa unapata nguvu na sasa unazipoteza, na yeye amezijua dalili. Akamwambia asihangaike kumtafutia daktari mwingine. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeagiza kuni, akamweleza upande gani wa kaburi la Mama angependa alazwe, na kwamba ule mti wa pembeni ukatwe mapema ili mizizi isije ikawasumbua wachimbaji.

Nilisimama pale na kikombe cha uji. Sikuingia.

Nilirudi saiba, nikampigia Omondi, nikamwambia kila kitu. Nilitegemea atanituliza, kwa sababu tangu utotoni yeye ndiye mwenye makosa na mimi ndiye mwenye busara. Nyuma yake nilisikia injini zinanguruma.

"Adhiambo, hewa?" akasema. "Hata kama ni gemu, si ungetafuta kitu ingine? Huku mtu akicheza na pipe ya hewa watu wakiwa chini, hiyo siku ndio ya mwisho yake hapa. Hata msamaha haombi, anaenda tu."

"Niliogopa, Omosh."

"Najua. Sasa toka hapo uende umwambie, kabla jua iingie. Usimwachie hiyo kitu alale nayo Sabato mzima."

Niliwatoa wateja nje, nikafunga saiba. Mmoja alibaki na nusu ya kopi zake, nitamwomba radhi kesho.

Baba alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati safi la kukaribishia Sabato, mkono wa kulia umelazwa kwenye paja kama kitu cha mtu mwingine. Nikapiga magoti. Sijui kwa nini nilipiga magoti, hatufanyi hivyo kwetu. Nikamwambia: Baba, mkono haurudi nyuma. Mimi ndiye niliyeharakisha hewa. Nilitumia Daktari. Sikutaka uende.

Nilingoja anikemee. Nilitaka anikemee.

"Kwa hivyo hii mkono," akasema polepole, "iko sawa?"

"Iko sawa, Baba."

Akauangalia. Akafumba vidole, akafumbua, akafumba tena. Niliona uso wake ukirudi, sina namna nyingine ya kueleza, ulirudi kutoka mahali ulipokuwa umekwenda. Kisha akasema nifungue mashine.

"Baba, jua limezama."

Akageuka dirishani. Kweli lilikuwa limezama. Nimemjua mzee huyu maisha yangu yote na sijawahi kumwona akiliangalia jua la Ijumaa kwa jicho la namna ile, kama mteja aliyefungiwa duka usoni. Lakini sheria ni yake mwenyewe. Akapumua kwa nguvu, akaniambia nimletee Biblia.

Tuliimba wimbo mmoja, tukaomba. Baada ya amina ndipo aliponigeukia.

"Kuogopa si dhambi," akasema. "Ungekuja uniambie, Baba, naogopa, tungeogopa pamoja. Lakini umeniacha nipange kaburi yangu na uji iko mkononi mwako."

Alikuwa ameniona pale mlangoni. Nililia, naye akaniacha nilie, hakunibembeleza, na nilishukuru kwamba hakunibembeleza.

Jana kanisani alikaa safu ya pili. Mkono wa kulia aliuweka chini ya Biblia, na mahubiri yote niliona Biblia inapanda na kushuka kidogo, inapanda na kushuka. Alikuwa anafanyisha vidole mazoezi. Nadhani Mungu aliona, na nadhani alielewa.

Jua lilipozama aliketi mezani kabla sijawasha taa. Alinitaka nifungue kwanza lile dirisha la Daktari, nifute namba yangu na kumwonyesha kwamba halina kitu. Nikamwonyesha. Akasogeza uso karibu, akasoma, akaniambia nifunge mbele yake. Nilistahili.

Kisha akacheza.

Sikutarajia nilichokiona. Siku zote zile nilizokuwa namwibia, alikuwa amezoea kukimbia na hewa pungufu. Vidole vyake vilikuwa vimejifunza haraka ambayo gemu yenyewe haiidai. Kimtu kikaruka, kikaokota, kikaruka, na mara ya kwanza kabisa kikaingia mlangoni na mstari wa hewa ungali mrefu. Pango la pili likafunguka, rangi ya samawati. Hakushangilia. Aliuondoa mkono kwenye kibodi, akaubusu kwenye vifundo, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya, akasema, "Kesho asubuhi na mapema, nyara. Barabara ya Lambwe inaharibika mvua ikishika."

Kwa hiyo leo nimempeleka.

Omondi alikuwa ametangulia kufagia na kumtandikia. Mke wake amepanga na jirani, atapita kila adhuhuri, na simu Baba ataivaa shingoni apende asipende. Nimeeleza dawa mara nyingi mpaka Omondi akaniomba ninyamaze. Vilima vya huko vilikuwa vimefunikwa na ukungu, nyasi zimeota mpaka kwenye njia, na Baba alizunguka boma lake lote kwa mguu wake, akiwasalimia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Ule mti wa pembeni aliupita bila kuuangalia.

Niliiweka laptopu kwenye meza yake, kando ya redio zake za zamani. Nikamwambia nimemwachia gemu ikiwa safi, haina chochote ndani.

"Rudisha ile," akasema.

"Ile gani?"

"Ile ya hewa mbio. Nilikuwa nimebakisha kidogo tu nikushinde."

Nikamwangalia kama anatania. Hakuwa anatania. Basi nikafungua lile dirisha, safari hii yeye akiwa amesimama nyuma yangu, amenishika bega kwa mkono wa kulia, na nilivisikia vidole vyote, kimoja kimoja, kwenye blauzi yangu. Nikaandika namba. Nikampisha kiti.

Nilipomaliza chai ya Omondi na kuchukua funguo za gari, nilirudi mlangoni kumuaga. Kimtu kilikuwa kinaruka, mstari unapungua, ulimi wake umetoka pembeni. Nikasema Baba, naenda. Nikasema tena.

Hakuinua kichwa.